Jani la Mwiko Lililotulaza na Njaa

Kava, kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili, haitaki kelele. Zamani hata mbwa wa kisiwa chetu cha Tanna walilijua hilo. Jua likiinama, wanaume tulikusanyika uwanjani, kila mmoja akanywa kifuu chake, akatema funda la mwisho huku akiwaomba wazee wa kale kwa sauti, kisha tukanyamaza na kuisikiliza kava ikitembea mwilini. Siku hizi wanaisaga kwa mashine ya nyama, na simu zinalia katikati. Lakini aliyekuwa wa kwanza kukivunja kimya cha kijiji chetu, Lounapik, hakuwa na simu. Alikuwa shemeji yangu, Nase.

Nase alikuja kwetu kwa kubadilishana. Ukoo wake ulimchukua dada yangu, sisi tukapewa yeye awe mke wa mdogo wangu, Kawia. Dada yangu alikuwa mpole, hata kikohozi chake husikii. Nase akicheka, kuku waliruka kutoka mtini. Wiki ya kwanza tu nilimwambia Kawia kwamba tumepunjwa.

Nase alisoma madarasa mawili, akatolewa shule achunge nguruwe ili kaka yake aendelee. Kaka akaishia la tatu. "Waliofaulu ni nguruwe," Nase alikuwa akisema. "Wote walialikwa kwenye sherehe."

Binti yake, Rekin, alimaliza la sita akiwa wa kwanza. Mwaka huo shule ya bweni ya pwani ilitupa nafasi moja, na gari lingekuja Jumatatu kumchukua mtoto atakayechaguliwa. Kamati ya shule ndiyo ingechagua, nayo ilikaa kwenye uwanja wa kava, ambako mwanamke hakanyagi. Mimi nilikuwa mjumbe. Sote tulijua nafasi ni ya Nakat, mtoto wa Chifu Naupa, aliyekuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Sikuona ajabu. Mtoto wa chifu alikuwa akitangulia tangu enzi za babu zangu.

Nase alimtuma mumewe akaseme. Kawia akaenda, akanywa vifuu viwili, akarudi.

"Umesema, baba Rekin?"

"Nilitaka kusema. Kava ikanitangulia."

"Ikakutangulia wapi?"

"Hapa, kwenye ulimi."

Kesho yake Nase alinivizia kisimani. "Shemeji, wewe si mjumbe? Niingize nami kwenye kamati."

"Mwanamke haingii uwanjani."

"Basi kamati itoke nje. Kwani haina miguu?"

"Kamati hukaa pale tangu zamani."

"Haya," akasema, akiinua ndoo yake. "Tutaona kama inakalika."

Jumanne jioni, tumetoka tu kumeza, tukasikia sauti kutoka shuleni, nyuma ya uzio wetu wa matete. Wanawake ishirini, wote kwa pamoja: "Ma! Me! Mi! Mo! Mu!" Mwalimu wao alikuwa Bi Tounga, msichana aliyehamishiwa kwetu, anayelala palepale shuleni. Chifu akaweka kifuu chini. Akashika kichwa.

"Nani anachinjwa?"

"Wanajifunza kusoma, Chifu," nikamwambia.

"Wasome kimya!"

Mimi nilijifundisha kusoma peke yangu, kwenye karatasi za kufungia sabuni, kimya kama samaki. Hakuna aliyenipigia makofi. Wao walipigiana makofi kwa kila herufi.

Jumatano Chifu akachomeka jani la mwiko kwenye njia itokayo majumbani, inayopita kando ya uwanja wetu mpaka shuleni. Mwanamke yeyote asilivuke. Tukamsifu sana. Hakuna hata mmoja wetu, wazee wenye mvi, aliyekumbuka kwamba njia ni hiyo moja, na chakula cha jioni hupitia hapohapo.

Jioni tukanywa. Kava ikishuka, tumbo linadai kitu cha moto. Tukasubiri. Badala ya chakula ikaja sauti. Bi Tounga alisimama shuleni, wanawake wamekaa nyuma ya jani, sisi tupo katikati.

"Ba!" akaita Bi Tounga upande huu.

"Ba!" wakajibu ishirini upande ule.

Tulikuwa tukigeuza shingo huku na huku kama kuku wanaotazama mwewe wawili. Tuliporudi majumbani, vyungu vilikuwa vitupu.

"Chakula kiko wapi?" Kawia akauliza.

"Nilikileta mpaka kwenye jani, kama desturi," Nase akasema. "Nikakiweka chini kwa heshima. Mbwa hawana mwiko."

Alhamisi Kawia akasema kupika si kazi ya kushinda wanaume. Akachoma magimbi uwanjani. Nje yalikuwa mkaa, ndani mabichi, nasi kwa njaa tukayala. Magimbi mabichi yanawasha koo. Wajumbe sita tukakaa tumeshika shingo, ndimi nje, hakuna awezaye kutamka neno. Nakiri, ilikuwa jioni tulivu kuliko zote mwaka ule, isipokuwa "Da! De! Di!"

Ijumaa Chifu alitembea mwenyewe mpaka penye jani.

"Mama Rekin," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mnataka nini?"

"Kamati ikae shuleni, Chifu, asubuhi, sote tukiwepo. Na majina yasomwe kwa alama."

"Nani atayasoma? Shemeji yako?"

"Mimi."

Chifu akatazama chungu alichoshika Nase. Kilikuwa kinatoa mvuke. Akaling'oa jani.

Jumamosi tukabanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nase akaweka kidole kwenye karatasi. Jasho likamtoka. "Re," akasema. Tukangoja. Nje jogoo akawika mara mbili. "Ki." Kawia akaanza kuchezesha midomo kama yeye ndiye anayesoma. "N. Rekin! Wa kwanza!" Wanawake wakapiga kelele mpaka majivu ya mlima wetu wa moto yakaanguka kutoka kwenye paa. Alipofika namba kumi na moja, kwa Nakat, jua lilikuwa utosini, nasi tulishakubali kila kitu ili tuinuke. Tukanyoosha mikono: Rekin.

Jumatatu gari likamchukua, amekalia sanduku lake. Mama yake alipunga mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwetu hakutoa sauti yoyote.

Jioni chakula kikafika uzioni. Wanawake walikuwa shuleni tena, ila siku hiyo waliandika tu, na nilidhani kimya chetu kimerudi. Chifu akanywa kifuu chake, akajivuta, akatema funda la mwisho, akainua kichwa kuwaita wazee wa kale.

"Ma! Me! Mi! Mo! Mu!" akapaza.

Wazee wa kale sijui walielewa nini. Nyuma ya uzio aliyeelewa alikuwepo.

"Vizuri, Chifu!" akaita Nase. "Rudia!"