Mama Mikono na Mashine za Masikio

Wateja walimwita Mama Mikono kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi, ukisukwa naye unaweza kusinzia. Masikio ndiyo yaliyomtoroka, polepole, bila kuaga. Kwa miaka kioo cha saluni ndicho kilichomsitiri: mteja akisema, yeye anasoma midomo humo kiooni, na lililompita analifunika kwa "Eeh, dunia hii!" Jibu hilo lilifaa karibu kila habari.

Binti yake alipiga kelele mezani hadi majirani wakajua mambo yao yote ya ndani. Alipochoka, akampeleka mama yake kwa fundi wa masikio. Wakarudi na vimashine viwili, vidogo kama punje za maharage. Nyumbani vilikuwa neema. Alisikia maji yakichemka, akasikia kandambili zake mwenyewe sakafuni, akacheka peke yake.

Saluni ikawa habari nyingine. Draya mbili zinanguruma, bomba linamwaga maji, na mfuko wa nailoni ukiguswa tu ni kama bati linaburutwa. Juu ya hayo kulikuwa na redio ya mwenzake aliyechangia naye chumba, ambaye wote walimwita Bi Redio, naye aliimba kila wimbo uliopigwa.

"Mbona umekunja uso?" Bi Redio akauliza.

"Nakusikia."

"Si ndicho ulichokitaka?"

Mchana akaja mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, mtu wa sauti ya chini. Akaketi, akainamisha kichwa asukwe. Midomo haikuonekana kiooni, kwa hiyo Mama Mikono akategemea masikio mapya. Katikati ya ngurumo akadaka vipande: "Mama... amefa... jana."

"Amefika? Hongera jamani! Ndiyo maana unataka kupendeza. Msalimie sana!"

Mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika. Bi Redio akazima draya, akamwinamia mwenzake sikioni. "Amefariki. Mama yake amefariki."

Mama Mikono alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Mwalimu akamaliziwa mistari iliyobaki, akaondoka. Vile vimashine vikaishia kwenye kopo la vibanio.

"Uziwi wangu wa zamani nilishauzoea," alimwambia binti yake jioni. "Huu mpya unanivua nguo mbele za watu."

"Turudi kwa fundi, mama. Usikate tamaa mapema hivyo."

Fundi hakumcheka. "Kifaa hakijui kipi ni kelele na kipi ni mtu," alisema. "Kuchagua ni kazi ya akili yako, nayo imekaa muda mrefu bila kazi hiyo. Ipe nafasi. Na kelele unayoweza kuizima, izime." Akavirekebisha vipendelee sauti zinazotoka mbele.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Mama Mikono alikwenda kwa mwalimu. Sebule ilikuwa kimya.

"Nilijua hukusikia," mwalimu alisema. "Ila nikwambie ukweli, uliposema amefika, kwa dakika moja nilimwona mlangoni na mkoba wake."

Mama Mikono akavuta kiti, wakatazamana. "Hebu nihadithie habari zake, mwanangu. Safari hii nasikia."

Mwalimu akahadithia. Mama Mikono alisikia maneno, akasikia na mahali sauti ilipokauka. Lililompita aliuliza tena, bila haya, na mwalimu hakuchoka kurudia. Walipoagana, wote wawili macho yalikuwa mekundu.

Saluni nako ikabidi wazungumze.

"Redio ni mume wangu wa pili!" Bi Redio alilalamika.

"Simkatai shemeji. Apunguze sauti tu nikiwa na mteja."

Wakapatana. Draya zikahamishiwa kona ya nyuma, kiti cha kusukia kikageuzwa ili mteja akae ubavu, midomo yake ionekane. Bi Redio husahau mara kwa mara, nao hugombana hadi wateja wawaamue. Kelele zikizidi, Mama Mikono huvitoa vimashine, hutoka nje kupumzisha kichwa, kisha huvirudisha.

Bado yapo yanayompita, hasa saluni ikifurika. Hapo humwambia mteja waziwazi, "Mpenzi, mimi sisikii vizuri. Nigeukie, useme taratibu." Na wengi hugeuka.