Profesa Aliyeonja Mchanga

Profesa wangu alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wanafunzi wote wa uhandisi: alionja mchanga. Lori likishamwaga mzigo, aliinama, akachota kidogo kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akafikiri, akatema. Alikuwa na vipimo vyote vya maabara na alijua kuvitumia kuliko yeyote kati yetu. Lakini alisema maabara iko Dar es Salaam na ulimi uko hapa hapa.

Huku Tanga jambo hilo si la kuchekesha. Bahari iko karibu na mchanga wake ni mweupe, mzuri wa kutazama, tena hauko mbali. Watu wanaujengea. Chumvi inaingia kwenye zege, inakula nondo kimya kimya, na baada ya miaka michache dari linabanduka vipande. Profesa alizaliwa Muheza, akasomesha chuo kikuu karibu maisha yake yote, na kila likizo alirudi kugombana na mchanga huo.

Mimi alinikamata nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Tulikuwa tunajenga zahanati Nguvumali, naye aliombwa kuisimamia. Asubuhi moja lori lilikuja nikiwa nakunywa chai na vitumbua. Nikalipungia mkono limwage, nikaendelea na chai yangu. Mchana tulikuwa tumeshamimina nguzo moja. Alipofika aliwaamkia mafundi wazee shikamoo, kama kawaida yake, kisha akanigeukia.

"Umeonja?"

"Ndiyo, Profesa," nikamjibu, bila kupepesa macho.

"Haya, onja tena nikuone."

Nilionja. Ulikuwa chumvi tupu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipandisha sketi kidogo, akaomba nyundo, akaanza kuibomoa nguzo yeye mwenyewe mpaka mafundi wakaona aibu wakampokea. Jioni aliniambia kwamba mchanga mbaya unasameheka, kwa sababu unaweza kutolewa. Kuhusu uongo wangu hakusema kitu. Niliona haya kwa miaka, na sijui kama zimeniisha.

Baadaye nilirudi kufanya kazi Tanga, naye akastaafu akaja kukaa karibu. Tulikuwa tunapigiana simu karibu kila wiki. Nilimpenda kama mama, nami nilimwambia hivyo mara moja tu, akanijibu nimpelekee ratiba ya kazi.

Alipofariki tulimzika kwao Muheza, kwenye shamba la michungwa. Kwao kaburi hujengewa: matofali ndani, na jeneza likishashuka linafunikwa kwa nondo na zege, waombolezaji wakisubiri mpaka fundi asawazishe ndipo mashada yawekwe. Ibada ilikwisha, jeneza likashuka. Kwaya ilikuwa inaimba. Fundi akaanza kuchanganya, nami nikaona mchanga. Ulikuwa mweupe.

Ndugu mmoja alikuwa ameuleta kutoka Tanga kwa moyo mwema kabisa. Nikasogea, nikachota, nikaonja mbele ya mchungaji na ukoo mzima.

"Simamisha," nikamwambia fundi.

"Dada injinia, hili kaburi, si ghorofa," akasema, na wawili watatu wakacheka chini chini.

Kaka yake marehemu alinijia. Ni mtu mpole, lakini watu walikuwa wamesimama juani tangu saa sita. "Binti, una hakika?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Machozi yalikuwa yameniingia mdomoni, na chumvi niliyoisikia sikujua ni ya mchanga au ni yangu. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo, na kazi ingesimama. Nilikuwa nimeshamwambia ndiyo ya namna hiyo mwenye kaburi.

"Sina hakika, baba," nikasema. "Nimelia mno. Ulimi wangu leo hauaminiki."

Alishusha pumzi, akamwashiria fundi aendelee. Fundi akashika sepetu.

"Nileteeni mimi."

Alikuwa mama yake marehemu, ameketi mkekani na wanawake wenzake, miguu kainyoosha. Ndiye aliyekuwa akimwambia mwanawe kila likizo kwamba profesa mzima anakula mchanga kama mjamzito.

"Bibi, nawe umefiwa," nikamwambia.

"Mimi machozi yangu yaliisha jana. Lete."

Nikampelekea kiganjani. Akaonja. Alikaa nao mdomoni muda mrefu kuliko alivyokaa nao mwanawe, kisha akautemea kwenye pindo la kanga.

"Wa baharini huu. Uondoeni."

Jirani alikuwa anajenga, ana lundo la mchanga wa mtoni, na vijana wakaenda na matoroli. Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Kwaya iliishiwa nyimbo, ikarudia za mwanzo. Wengine walinung'unika, nami sikuwalaumu.

Toroli la kwanza lilipomwagwa, fundi alichukua sepetu, halafu akasita. Akamtazama bibi mkekani. Akainama, akachota kwa vidole viwili, akaweka ulimini.

"Hauna chumvi, bibi."

"Haya," akasema. "Sasa mfunikeni mwanangu."