Kamba ya Nyuma ya Tela

Wiki iliyopita nilishinda siku tatu Benaco kwa fundi umeme wa magari, na uvumilivu wangu uliisha siku ya pili. Nilimpelekea van yangu kuukuu anifungie breki za tela: kiboksi kimoja chini ya dashibodi, nyaya za kwenda nyuma, basi. Siku ya kwanza nilikanyaga breki, honi ikalia. Siku ya pili taa zote zikazimika. Siku ya tatu nikamkuta anakaza waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma, juu ya rangi nene ya tela. Nilipiga kelele hadi muuza mahindi wa pembeni akasimama.

"Mama, kazi hii nimeisomea," akasema fundi.

"Hata kama umeisomea, kwangua rangi kwanza! Umeme haupiti kwenye rangi!"

Nisamehe, rafiki yangu, si kawaida yangu kugombana na watu. Ila ngoja nikusimulie rangi ilitufanyia nini.

Baba alikuwa na gari kama hili langu, na nyuma yake tela lisilo na breki. Siku za gulio alibeba mizigo ya majirani wote kule Bukiriro: mikungu ya ndizi, maharage, madebe ya pombe ya ndizi iliyonukia njia nzima. Kabla ya mteremko mkali alisimama, wote tukashuka, tukashika kamba nene iliyofungwa nyuma ya tela na kulivuta lisikimbie. Sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote: aliyepakia mzigo anashika kamba. Mwalimu wetu alishika, na viatu vyake vya kung'aa. Jirani yetu mvivu alishika huku akilalamikia mgongo. Bibi alikaa mwisho kabisa, akitukemea, "Vuteni! Mnashika kamba au mnaipapasa?" Tulifika chini viganja vinawaka moto, tunacheka.

Nilikuwa darasa la nne baba aliponunua ekseli ya tela yenye breki za umeme, kwenye mnada wa vifaa vilivyobaki kambi za wakimbizi zilipofungwa. Alihangaika na nyaya wiki nzima, akijifungia nazo kama mganga. Akajaribu kwenye uwanja wa shule, zikashika. Si angeishia hapo! Lakini baba alitaka watu waone. Jioni ya kuamkia gulio alifungua waya wa ethi, akalipaka tela rangi ya bluu, mara mbili, kisha akaukaza waya ule juu ya rangi.

Kesho yake, kwenye kichwa cha mteremko, alitangaza kama mgombea: "Leo hakuna kamba! Tembeeni mikono mitupu." Tukaachia wote. Nami niliachia, tena kwa furaha. Bibi akakataa.

"Mwanangu, kamba naiona," alisema. "Hizo nyaya zako sioni zinashika nini."

Baba alicheka, akaondoa gari. Hatukwenda mbali, tela likaanza kulisukuma. Tulikimbia, lakini kamba ilikwisha kututangulia, na mwisho wake alikuwa bibi, anaburutwa kwa magoti, hataki kuachia. Baba aliposikia mayowe yetu aliligongesha gari kwenye ukingo wa barabara. Ndizi zilibingirika hadi bondeni.

Bibi alipona, lakini goti lake la kulia halikukunjika tena. Kanisani wenzake walipopiga magoti, yeye alisali amekaa, mguu ameunyoosha mbele. Mimi nilipiga magoti pembeni yake kila Jumapili, nikijua kwamba niliachia. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Baba aliikwangua rangi, breki zikashika. Kamba akaikatakata vipande vya kufungia mbuzi. Watu nao wakazoea kupakia mizigo na kutangulia gulioni kwa pikipiki.

Fundi wangu alimaliza hatimaye, na Jumamosi nikashuka mteremko uleule na maharage ya watu kumi. Sikumwona hata mmoja wao. Magunia waliyaacha kando ya barabara, namba za simu zimeandikwa juu kwa kalamu nene. Breki zilishika vizuri, sina la kulaumu, na hilo ndilo linalonikera. Nilifika chini salama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia tumefika.