Kichwa Kilichofukuzwa Kasino

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye kasino moja hapa Johannesburg, meza ya karata za ishirini na moja. Kando yangu alikaa mwalimu wa hisabati, mama wa Kikenya ninayesali naye kanisa moja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatukuonana.

Saa nzima aliweka dau dogo, macho yakifuata kila karata iliyofunguliwa. Kisha akaweka dau kubwa, akashinda. Akaongeza, akashinda tena. Mgawa karata akatupia jicho kamera ya darini, na mara msimamizi akafika, Mkongomani mwenye suti, akainama.

"Mama, samahani. Unaweza kucheza mashine, ao ruleti. Lakini hii karata, hapana tena."

"Nimeiba?"

"Hapana, mama."

"Nimegusa karata isiyo yangu?"

"Hapana. Unahesabu zenye zimetoka, unajua zenye zimebaki."

"Kwa kichwa changu mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Hicho kichwa ndicho shida."

Akafunga mkoba taratibu, akatoka ameinua shingo kama aliyepewa tuzo.

Mimi nilikuwa nashindwa tangu nikae, na tayari nilishaletewa soda ya bure. Pale anayefikiri huwekewa kamera, asiyefikiri huongezewa barafu. Nikamuuliza msimamizi kama nami nachunguzwa. Akanishika bega.

"Wewe, papa, kaa tu. Juu yako hatuna wasiwasi."

Nimetukanwa mara nyingi katika mji huu, lakini sijawahi kutukanwa kwa upole kiasi kile.