Kodi Baada ya Mavuno

Dukani hapa Ifakara nilimsikia mama mwenye nyumba akimhoji mkulima aliyetaka chumba. Huko alikopanga zamani walisema hatoi kodi.

"Miezi mitano hukulipa?" mama aliuliza.

"Nilikuwa shambani, mama, naamia ndege wasile mpunga. Nilipovuna nililipa yote, nikafukuzwa vilevile. Sasa watoto wameanza shule na hawana pa kulala."

Mama alivitazama viganja vyake vilivyochubuka, kisha akafungua fundo la khanga na kumpa ufunguo.

"Mimi utanilipa mara moja kwa mwaka, ukishavuna. Ila ukiuza gunia la kwanza, upite kwangu kabla hujaenda pombeni."

"Nitapita, mama."

Naamini atapita. Mimi mwalimu hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi, na bado mwenye nyumba wangu hunigongea mlango.