Nyumba ya Carolina Ambayo Gloriose Hakuulizwa

Hasira ya Gloriose haikuwa ya kuvunja vyombo. Ilikuwa moto wa pumba: juu unaona majivu, ukitia kidole ndipo unapojua. Wateja wake wa Sydenham na Overport jijini Durban, akina mama wa Kihindi waliomwita awashonee mapazia, walimwona mpole kupita kiasi. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akapima madirisha kimya, akaaga. Hata kule Bluff, alikokwenda kutundika mapazia katika nyumba zinazotazama bandari, walimsifu kwa adabu yake. Hawakujua kwamba adabu ile ina mpaka, na mpaka wenyewe ni nyumba. Mahali atakapolala Gloriose, achague Gloriose.

Hakuzaliwa na msimamo huo. Alipofika Durban, Afrika Kusini, kutoka Rumonge, Burundi, binti yake Iteka akiwa bado ananyonya, alimkuta mumewe Dominiki ameshapanga chumba katika township moja nje ya jiji, mojawapo ya vitongoji walivyorundikwa watu weusi zama za ubaguzi. Gloriose hakupapenda. Njia ya kuingilia ilikuwa moja, na ya kutokea ilikuwa hiyo hiyo.

"Baba Iteka, hapa siku tukikimbizwa tutapita wapi?" aliuliza.

Dominiki alicheka. Kodi ilikuwa nafuu, alisema, na majirani walikuwa watu wema. Kuhusu majirani hakukosea: mmoja wao ndiye aliyewaficha chooni kwake mwaka 2015, wageni walipofukuzwa. Lakini kibanda cha Gloriose cha kushonea kilivunjwa, cherehani zake zikabebwa, na mapazia ya bibi harusi mmoja, ambayo alikuwa amemaliza kuyapiga pindo asubuhi ile, yakachomwa barabarani. Kutoka kwenye tundu la mlango wa choo aliyaona yakiungua. Baadaye, katika mahema walimowekwa, alimwambia mumewe neno ambalo hakulirudia tena, kwani hakuhitaji.

"Kuanzia leo nyumba nachagua mimi."

Dominiki aliinamisha kichwa. "Sawa, Mama Iteka."

Akachagua Sydenham, chumba cha uani nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kihindi. Chumba kilikuwa kidogo na kuta zilitoa unyevu, ila teksi zilipita mwisho wa mtaa, na maduka ya vitambaa yalikuwa mbali kidogo tu ukienda kwa miguu. Hapo akaanza upya kwa sindano ya mkono, kisha kwa cherehani ya kukodi, kisha kwa cherehani yake mwenyewe. Nao wakaendelea kungoja, kama wakimbizi wengi wanavyongoja: mahojiano, vipimo, mahojiano tena, kimya kirefu. Mwaka 2024 jibu likaja. Wanakwenda Marekani, jimbo la North Carolina, ambako kaka mkubwa wa Dominiki, Vénérand, alikuwa ametangulia na kuweka makazi.

"Carolina ya Kaskazini, na wewe unasema iko kusini ya Amerika?" alishangaa Antoinette, Mkongomani wa Uvira mwenye duka la simu pale Overport, aliyempa Gloriose pembe ya kuweka cherehani yake. "Hawa bazungu hawakusoma ramani?"

Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Jumatano moja Dominiki alisahau simu yake kwenye chaji akaenda kazini Clairwood, kwenye ghala la mizigo ambako aliendesha mashine ya kunyanyulia makasha. Simu ikalia, Gloriose akapokea. Alikuwa mkalimani wa shirika litakalowapokea Marekani, dada mwenye Kiswahili cha Nairobi.

"Mama, ni kuthibitisha tu kuhusu nyumba. Ni ile ya Fernhill Township, karibu na shemeji yako."

Gloriose alikaa kitandani bila kujua amekaa. "Umesema nini?"

"Fernhill Township, mama."

"Township?"

"Ndiyo. Baba alishakubali wiki iliyopita."

Aliisikia tena harufu ya kitambaa kinachoungua. "Dada, nisikilize. Mimi sijakubali township yoyote."

"Lakini baba amesema..."

"Baba ana mdomo wake, na mimi nina wangu."

Mkalimani alimwomba asubiri, akazungumza Kiingereza na mtu pembeni, kisha akarudi. Inatakiwa kauli ya watu wazima wote wawili, alisema, na iwe imepatikana kufikia Ijumaa. Wasipokubaliana, faili litawekwa kando na safari itasimama. Mpaka lini? Hilo hakuna aliyeweza kulisema.

Gloriose alifika dukani akakamata mkasi. Antoinette alimtazama akikata, kisha akashindwa kuvumilia.

"Yaya," akasema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "iko nini? Hiyo kitambaa unaikata kama unachinja mbuzi."

Gloriose akamweleza. Antoinette alipiga makofi mara moja, akashika kiuno. "Township? Ata Amerika iko township? Eish! Ngoja, ngoja kwanza." Akachukua simu yake, akaandika jina, akateremsha picha kwa kidole. Ghafla akaangua kicheko mpaka akaegemea meza. "Ma chérie, kuja uone! Township gani hii iko na piscine? Angalia majani, angalia magari! Basi na miye banipeleke township!"

Gloriose aliinama kutazama. Ni kweli. Nyumba zilikuwa ndefu, nyeupe, zenye veranda, na katikati kulikuwa na bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu. Neno lilikuwa lile lile, lakini kule walilitumia kuita kitongoji chochote. Aliona aibu, na kwa muda mfupi hasira ikamlegea. Antoinette alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko.

"Nionyeshe ramani," Gloriose akasema.

Antoinette akafungua ramani. Kulikuwa na nyumba zile, kisha msitu, kisha barabara kuu, kisha msitu tena.

"Duka liko wapi?"

"Iko huku." Kidole kilisafiri sana juu ya kioo.

"Na teksi zinasimama wapi?"

"Teksi kama za kwetu hazina, Mama Iteka. Kule kila mutu na gari yake."

"Basi je?"

Antoinette alitafuta. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Basi iko mu mji, mu Greensboro. Huku haifike."

"Kwa hiyo asiye na gari anakaa ndani."

Antoinette akailaza simu kifudifudi mezani. Hasira iliyoletwa na jina la mahali ilikuwa imeondoka. Iliyokuja badala yake ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu haikuwa na kosa la kuelewa ndani yake. Dominiki alikuwa amechagua tena. Amechagua tena mahali pasipo na njia, na safari hii hakumwambia hata kidogo.

Jioni Dominiki aliingia na vumbi la ghala kwenye nyusi. Gloriose alikuwa amesimama kando ya meza.

"Fernhill umeikubali lini?"

Alivua kiatu kimoja, cha pili akakiacha mguuni. "Nani amekwambia?"

"Sikukuuliza nani ameniambia."

"Nilitaka kukueleza, Mama Iteka. Nilijua ukisikia lile neno tu utaruka. Kule township si kama ya huku! Ni jina. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka."

"Na aliyenipeleka penye nyoka ni nani?"

Dominiki akatazama kiatu chake.

"Jina nimeshalielewa," Gloriose akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyomtisha mumewe. "Nimeiona na bwawa lake. Sasa niambie. Uzi ukiniishia, nitakwenda na nini kununua mwingine?"

"Vénérand ana gari."

"Iteka akiugua nawe uko kazini?"

"Vénérand ana gari, nimekwambia."

"Nikitaka kwenda kutafuta kazi?"

Hapo Dominiki alisita. Alijikuna shingo, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayeleta zawadi asiyo na hakika nayo. "Kazi... wewe si utapumzika kwanza? Umeshona miaka mingi. Halafu, unajua, mke wa Vénérand, Sonia, yuko kiwanda cha kuku mchana kutwa. Watoto wao bado wadogo. Nyumba zinatazamana. Kwa hiyo kaka alifikiri..."

"Kumbe!"

"Ni familia, Mama Iteka."

"Kumbe mmenitafutia kazi na mimi sina habari! Yaya wa nyumba ya pili, asiye na gari wala basi, hata kutoroka hawezi." Alicheka kicheko kikavu. "Mpigie."

"Nani?"

"Huyo kaka yako aliyefikiri. Mpigie, kule ni mchana."

Sauti ya Vénérand ilijaza chumba, changamfu, ya mtu aliyezoea kushukuriwa. Alipoelezwa, uchangamfu ukakatika.

"Shemeji, mnaniaibisha. Nimembembeleza meneja wa nyumba hizi mpaka nimechoka. Watu wa kanisa wote nimewaambia mnakuja kukaa hapa. Hapa siyo Durban! Mgeni huku hachagui, mgeni anapokewa."

"Mgeni hupokewa mzigo, shemeji," Gloriose akajibu. "Hapokonywi mdomo."

"Sasa unataka kukaa wapi?"

"Mjini Greensboro. Mahali basi linapita. Hata kama ni ghorofani, hata kama ni chumba kimoja."

"Kule wanakaa maskini!"

"Na sisi ni nani?"

Vénérand akazungumza kana kwamba shemeji yake hayupo. "Dominiki, huyu mwanamke Afrika Kusini imekuharibia. Nikija kukupokea uwanjani nataka nimwone ametulia. La sivyo, mtafute wa kuwapokea." Akakata.

Dominiki aliweka simu mezani polepole. Baba yao alikufa yeye akiwa bado mdogo. Vénérand ndiye aliyemlipia shule, ndiye aliyepeleka posa kwa kina Gloriose. Alilisema hilo sasa, na Gloriose alijua kwamba halikuwa la uongo.

"Nikimkatalia, hatanisamehe."

"Basi ajue na yeye uchungu wa kusamehe. Mimi nilikusamehe mara moja, na msamaha wenyewe ulikwisha."

"Na faili wakiliweka kando? Miaka yote hii tuliyongoja?"

"Waliweke."

"Mama Iteka, fikiri! Iteka na shule yake..."

"Nimesema waliweke, Dominiki."

Alimwita jina lake tupu. Tangu binti yao azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Lilikuwa jina ambalo angelitumia karani au polisi. Dominiki alimtazama kana kwamba amepigwa kibao. Alivaa tena kiatu kile kimoja, akatoka uani, akasimama huko peke yake.

Alhamisi hawakusemezana. Simu ya Dominiki ilimulika mara kwa mara, Vénérand akituma ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti, na Dominiki akiusikiliza kila mmoja sikio likiwa limebanwa kwenye simu. Gloriose alishona. Hakuwa na uhakika na mumewe, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Aliitaka Marekani. Aliitaka kuliko Dominiki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mengi zaidi ya kukimbia. Lakini alipojiona amekaa kwenye veranda ile nyeupe, akingoja honi ya gari la mtu mwingine ili maisha yake yaanze, alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka Antoinette akamwambia, "Taratibu, Yaya, utavunja mashine."

Ijumaa Dominiki hakwenda kazini. Simu waliiweka mezani, sauti ikiwa wazi, kila mmoja upande wake.

"Habari zenu," mkalimani alisema. "Mama, mmeamua?"

Gloriose hakumtazama mumewe. "Fernhill hatuendi. Tunaomba nyumba mjini, mahali basi linapita, hata iwe ndogo."

Haikusikika hata herufi moja ikibonyezwa. "Nimekusikia, mama. Baba anasemaje?"

Dominiki alilamba midomo. Juu ya kioo cha simu jina la kaka yake lilitokea, likaita, likaacha, likaita tena. Alilitazama muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Kama alivyosema yeye," akanong'ona.

"Samahani baba, useme kwa maneno yako."

"Fernhill hatuendi." Akakohoa, akaanza upya kwa nguvu zaidi. "Hatuendi. Tunataka mjini, penye basi. Kaka yangu nitamwambia mwenyewe."

Sasa ndipo zilipoanza kusikika herufi zikibonyezwa, tak, tak, tak, upande wa pili wa dunia. Dominiki alishusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama mkewe akitazamia angalau shukrani. Hakuipata. Gloriose alikuwa ameegemea simu, uso umekaza.

"Vizuri sana," mkalimani alisema. "Nimeandika: baba amebadilisha uamuzi wa nyumba."

"Umeandika nani?"

"Baba, mama. Si yeye ndiye mwenye faili?"

"Mimi nilisema kwanza. Nilisema Jumatano, nimesema leo, hukubonyeza hata herufi moja. Futa. Andika aliyechagua ni Gloriose."

"Mama, kwa kweli hapa hakuna nafasi ya kuandika hivyo."

"Itafute."