Tulivyomlilia Msichana wa Kijerumani

Ijumaa baada ya chakula tulikaa kwa dada yangu, mtaa wa Bawshar, tukatazama filamu ya vijana wa Kijerumani waliowapinga Wanazi kwa kugawa karatasi za siri. Walisema Kijerumani, na maandishi ya Kiarabu yakipita chini. Mtumishi wa dada, binti wa Tanga, alikuwa chini anakunja nguo. Kiarabu hasomi. Mimi nnasoma kwa kusuasua, lakini nikamfasiria. Pengine nilikosea mengi.

Katika filamu, jirani mmoja akenda kuwachongea. Msichana mmoja wao akakamatwa, akahukumiwa kufa. Dada akalia mpaka akaomba tishu.

"Na watu wote wale, kimya! Hawana hata haya!"

Binti akangoja filamu iishe, akasema, "Bi mkubwa, lile la mama yangu? Kazidiwa. Wiki mbili tu nikamwone."

Dada akanigeukia mimi, kwa Kiarabu. Kwetu ndivyo tufanyavyo: mtumishi anajua Kiswahili, basi yanayomhusu tunayahamishia kwenye Kiarabu, mbele yake hapo hapo. Akasema binti haendi kokote mpaka Ramadhani iishe, nani atapika? Na paspoti kaifungia kabatini.

Binti akaniuliza, "Anti, kasemaje?"

"Anasema atafikiria."

"Miaka minne niko hapa, Anti. Yeye nimemsikia. Nilitaka nikusikie wewe."

Nikamchukia ndugu yangu. Nisimdhulumu dada: binti huyu alipolazwa hospitali, yeye ndiye aliyekaa naye siku tatu, kamlisha kwa mkono wake. Na labda niliyemchukia ni mimi mwenyewe, sijui, mimi si msomi. Lakini yale machozi ya filamu hata shavuni hayajamkauka! Na huu ulimi wangu, uliofasiri filamu nzima usichoke, umeshindwa sentensi moja.

Nikamwambia dada, kwa Kiswahili, binti asikie: "Mpe paspoti yake. Ramadhani ntakuja kupika mimi."

"Lo! Filamu moja tu, ushakuwa shujaa? Na hizo sambusa zako zinazopasuka?"

"Zipasuke. Mpe."

Akenda zake kutia udhu. Hakumpa.

Siku ya nne leo nampigia dada simu kila asubuhi, namuuliza jambo lile lile kwa Kiswahili. Kila asubuhi ananijibu kwa Kiarabu, nami nnajua binti yuko hapo jikoni anamsikia.